Tisa Kati ya Kumi Waliisifu Haluwa

Hisham alikuwa amesimama katika duka moja la vitambaa Mchangani, akipapasa jora ambalo hakuwa na nia wala uwezo wa kulinunua, aliposikia upande wa pili wa rafu mwanamke anatafuta msomi.

"Namtaka mtu aliyesoma," mwanamke yule alimwambia mwenye duka, kwa sauti ya mtu asiyejali nani anasikia. "Anizungukie kisiwa, awaonjeshe watu haluwa yangu ya mwani, kisha aniletee jawabu la kitaalamu. Wameipenda au hawakuipenda? Nina vikapu mia nne ndani, sijui niende navyo wapi. Ntamlipa vizuri."

Hisham akaliacha jora. Msomi hakuwa, lakini alikuwa na kanzu ya msomi, miwani ya msomi, na kikohozi kile kidogo ambacho wasomi hukitoa kabla ya kusema jambo ambalo hata wao hawana hakika nalo. Ukoo wao uliwahi kuwa na mashamba ya karafuu. Mashamba yalikwisha zamani, ikabaki namna ya kuongea kana kwamba yapo bado, na Hisham alikuwa akiishi kwa namna hiyo tangu alipoota ndevu.

Tumtendee haki. Hajawahi kuvunja kufuli la mtu, wala kuingiza mkono katika mfuko usio wake. Kazi yake ilikuwa kuponda. Kitu alichokitaka alikiponda mpaka mwenye nacho akamwomba akichukue. Hivyo ndivyo alivyolipata kasha la njumu la Bi Salhiya wa Kiembe Samaki, kasha la mvule lililopigwa misumari ya shaba, ambalo mama yake bibi huyo aliolewa nalo. Hisham aliligonga kifuniko, akatega sikio, akatikisa kichwa kama daktari anayetoka chumba cha mgonjwa.

"Mchwa, Bi Salhiya. Wamelila mpaka moyoni. Kesho watahamia kitandani kwako."

Bi Salhiya alimshukuru kwa kumwondolea balaa, tena akampa kahawa. Sasa kasha lilikuwa chumbani kwa Hisham huko Malindi, halina hata mchwa mmoja, likimsubiri mwenye hoteli mmoja wa Uroa aliyeahidi kulinunua kwa bei ya kumlisha Hisham mwaka mzima. Ndiyo mali yake pekee duniani, ikiwa tutakubali kuiita yake.

Alimfuata mwanamke wa haluwa mpaka nje, akakohoa, akajitambulisha. Mwanamke alikuwa Bi Shariffa, mjane wa Hurumzi. Hapa ndipo Hisham alipofanya kosa. Watu wa Unguja wakikutana, hawajamaliza salamu utasikia, "We wa nani?" na kahawa haijapoa washajua bibi zao walichangia titi gani. Hisham alikuwa na desturi ya kuukimbia mjadala huo, kwa sababu katika kazi yake jamaa ni hatari kuliko polisi. Hakuulizwa yeye wa nani, akafurahi. Wala hakuuliza Bi Shariffa wa nani.

Jioni yake alikuwa kakaa Hurumzi, ukumbini, na mbele yake wanawake wawili: Bi Shariffa mwenyewe, na mshirika wake Bi Mashavu wa Uroa, mkulima wa mwani, mwanamke mwenye macho yasiyokopesha.

"Kwa hiyo utawauliza watu, halafu?" alisema Bi Shariffa.

"Kuuliza hata mpita njia anauliza, bibi. Elimu iko katika kugawanya." Hisham akakohoa. "Mtu akikwambia watu thelathini wameipenda haluwa yako, amekwambia nini? Hajakwambia kitu. Thelathini kati ya wangapi? Thelathini kati ya thelathini na tano, hiyo harusi. Thelathini kati ya mia tatu, hayo matanga. Unachukua waliokubali, unagawa kwa wote walioulizwa. Jawabu ndilo tunaloliita uwiano wa marudio. Linakaa baina ya sifuri na moja. Likikaribia moja, pika. Likikaribia sifuri, zika."

"Mashaallah," alisema Bi Shariffa. "Na makaratasi tukununulie?"

"Makaratasi yanatisha watu. Ukitoa kalamu wanadhani umetumwa na serikali. Mimi natumia mbaazi." Akaonesha kifuko chenye mbaazi sitini. "Kila mtu mbaazi moja. Akisema nzuri, mfuko wa kulia. Akisema mbaya, wa kushoto."

Mpango wake halisi ulikuwa mwepesi zaidi. Angekwenda nyumbani, angelala siku tatu, angemimina mbaazi mifukoni kadiri moyo utakavyopenda, angerudi kuchukua ujira.

"Vyema," alisema Bi Shariffa. "Bi Mashavu atafuatana na wewe, akubebee sinia."

Bi Mashavu alimtazama Hisham kama anavyotazama wingu asubuhi ya kuanika mwani. Utafiti, kwa bahati mbaya, ukalazimika kufanywa kweli.

"We hujaionja," Bi Mashavu alimwambia walipokuwa wanatoka, akimsogezea sinia. Haluwa ilikuwa ya kijani kilichokolea, inatikisika bila kuguswa.

"Mtafiti haonji, bibi. Akionja ameshaegemea upande." Ukweli ni kwamba harufu ilikuwa imemfikia.

Walianza Kiembe Samaki. Hisham alikataa katakata kupita kichochoro kimoja nyuma ya msikiti, akisema upepo wake si mzuri kwa takwimu. Bi Mashavu hakuuliza kwa nini. Walibisha hodi, wakakaribishwa, wakaulizwa hali, wazazi, safari na joto, wakatoa sinia.

"Onja, bibi, utwambie. Nzuri au mbaya?"

Mama wa nyumba ya kwanza alitia kipande mdomoni. Macho yakamtoka kidogo, yakarudi. Akameza kwa juhudi.

"Nzuri, mashaallah," alisema. "Mikono yenu isipate moto. Hichi kilobaki ntamwekea mume wangu."

Mbaazi mfuko wa kulia. Nyumba ya pili wakasema nzuri, wakamwekea mgonjwa. Nyumba ya tatu wakasema nzuri sana, wakakumbuka ghafla kwamba wamefunga sunna. Watu ishirini, na kumi na tisa kati yao waliisifu. Wa ishirini alikuwa mzee aliyevuka umri wa kuogopa mtu, ambaye aliitema kwenye leso na kuuliza nani kafa.

"Sifuri nukta tisa tano," Hisham alinong'ona. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa amepata jawabu bila kulitunga, na lilimsisimua.

Fumba walipata watu ishirini wengine, kumi na saba wakasema nzuri. Watatu waliokataa walikuwa mafundi ujenzi kutoka bara, waliosema mbaya papo hapo, kwa uwazi ambao wenyeji waliosimama karibu waliuonea haya kwa niaba yao.

"Sifuri nukta nane tano," alisema Hisham. "Hawa mafundi vumbi la saruji limewaua ulimi."

"Huenda," alisema Bi Mashavu. Alikuwa anamtazama paka mmoja aliyekuwa ananusa kipande cha kijani chini ya ukuta. Paka akafukia.

Uroa, kumi na wanane kati ya ishirini. Wawili waliokataa walikuwa watalii ufukweni, mume na mke, waliokimbilia chupa ya maji huku wanacheka. Hisham aliwasamehe, kwani watu wanaokula mkate mtupu asubuhi mpaka jioni wasilaumiwe kwa kutojua utamu.

Hapo Bi Mashavu alikuwa ameshafika kwao. Akamkabidhi sinia.

"Mfikishie Bi Shariffa majibu kama yalivyo, baba. Ukweli mtupu."

"Bi Mashavu, unanitukana!"

Njiani kurudi mjini Hisham alifanya hesabu, akairudia kwa vidole. Kumi na tisa, kumi na saba, kumi na wanane: hamsini na wanne. Gawa kwa sitini. Sifuri nukta tisa. Watu tisa katika kila kumi! Na si kwa kubuni. Ameuliza mwenyewe, kwa masikio yake, na yule mwanamke mwenye macho makali ni shahidi. Akaanza kukitazama kisiwa chote kama mbaazi. Kila nyumba aliyoipita ilikuwa tisa kwa kumi. Harusi zote za Unguja, tisa kwa kumi. Hitma zote, Idi zote mbili, tisa kwa kumi. Na mali hii yote iko mikononi mwa mjane anayeuliza msomi kama aiuze au asiiuze.

Ujira ukaanza kuonekana mdogo machoni pake, kama sadaka. Karibu na Dunga akaingiza mkono mfuko wa kulia, akachota mbaazi zote hamsini na nne, akazihamishia kushoto. Zile sita akazipeleka kulia. Ilikuwa kazi ya muda mfupi, na aliifanya kwa unyenyekevu.

Bi Shariffa alimpokea ukumbini kwa kahawa. Hisham hakunywa. Alimimina mbaazi juu ya sinia mafungu mawili, akavua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu.

"Bi Shariffa. Wewe ni mtu mzima, una imani."

"Sema, mwanangu."

"Waliosema nzuri, sita. Kati ya sitini. Sifuri nukta moja." Sauti ikamkatika, kwa ustadi. "Moja katika kumi, bibi. Sijawahi kuona. Fumba walitaka kutupiga mawe. Uroa mtoto amelia mpaka sasa hajanyamaza."

Bi Shariffa akatia mkono shavuni. "Lahaula! Moja ya kumi! Na vikapu vyangu mia nne?"

"Ndiyo huzuni yake. Ukivitupa, mji mzima utajua. Ukiviweka, vitachacha, utasikia majirani." Hisham akaangalia dari, kama mtu anayepigana na roho yake njema. "Mie naweza kukuondolea, bibi. Vikapu, jina la haluwa, na namna ya kuipika, ili hata kumbukumbu isibaki. Aibu hiyo niachie mie."

"Wewe? Bure?"

"Bure tu, kwa ajili ya Mungu."

"Aa, bure sitaki. Watasema Shariffa kagawa uchafu. Bora tubadilishane, nipate la kuwaambia watu. Nipe kitu chochote kikuukuu. Nina kanga zangu, sina pa kuzitia."

Hisham akataja begi lake la plastiki. Bi Shariffa akasema zipu za siku hizi hazina imani. Hisham akataja sanduku la bati. Bi Shariffa akasema bati linashika kutu. Akajifuta jicho ambalo, kwa mtazamaji makini, halikuwa na chozi.

"Basi, usisumbuke. Mwanangu Tahir anakuja Alhamisi kutoka Maskati. Ntamwachia yeye. Na yeye msomi, atakwenda kuwauliza watu tena."

Kuuliza tena! Hisham aliliona kasha la njumu, akamwona na yule tajiri wa hoteli wa Uroa, mwaka mmoja wa kula. Kisha akaiona sifuri nukta tisa imekaa juu ya kisiwa kizima, miaka na miaka. Tukimtazama kwa haki, hesabu yake haikuwa na kasoro. Aligawa sawasawa.

"Nina kasha moja hivi," alisema. "Nalionea haya hata kulitaja. La kizamani, limeliwa na mchwa."

"Limeliwa na mchwa?" alisema Bi Shariffa.

"Mpaka moyoni."

"Basi litanifaa. Lilete."

Kasha likaenda Hurumzi kwa gari la ng'ombe, na vikapu mia nne vikaenda Malindi kwa gari hilohilo, ng'ombe akigeuka mara kwa mara kutazama amebebeshwa nini.

Asubuhi yake Hisham alisimama Darajani kavaa kanzu iliyopigwa pasi. Alionjesha watu arubaini, na wote walikuwa watu wa adabu.

"Nzuri, mashaallah! Bei gani? Basi inshaallah, nikirudi."

"Tamu kweli. Hebu kwanza nikamuulize mama watoto."

"Mungu akubariki. Leo sina chenji."

Wenye maduka walimkalisha, wakampa maji, wakaisifu haluwa mpaka wakakaribia kutoa machozi, na hakuna aliyechukua kikapu. Mpaka Alasiri walikuwa wamenunua watu wanne. Mmoja alikuwa na mama mkwe anayekuja kukaa. Mmoja alimwonea huruma. Mmoja alidhani ni sabuni ya mwani, na alipoelezwa kuwa ni haluwa akasema haidhuru, ataifulia. Wa nne alirudi baada ya muda mfupi kudai pesa zake, lakini Hisham, kwa ajili ya takwimu, aliendelea kumhesabu.

Vikapu vilivyobaki vilianza kunuka maji kupwa. Majirani wa Malindi wakaja kumuuliza, kwa upole mkubwa, kama kuna bomba limepasuka kwake.

Basi akapanda Hurumzi, ameiva kwa hasira, na katika hasira ile mlikuwa na kitu ambacho hakukizoea. Alikuwa ameonewa. Alijihisi ameonewa kwa dhati kabisa, na akashangaa watu wanawezaje kuishi na hisia hiyo.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu, pita ndani."

Akapita. Ukumbini palikuwa na kasha la njumu, limesuguliwa kwa limau, misumari yote inang'ara. Juu yake amekaa Bi Salhiya wa Kiembe Samaki. Kulia kwake Bi Shariffa. Kushoto Bi Mashavu, kashika sinia. Na kutazama nyuso zile mbili za mwanzo zikiwa pamoja, pua ileile, kidevu kilekile, kulimtosha hata kipofu.

"Shikamoo, Bi Salhiya," alisema Hisham. Malezi yana tabia ya kumtoka mtu mdomoni wakati asioutaka.

"Marahaba, baba. Mchwa hawajambo?"

"Huyu dada yangu," alisema Bi Shariffa. "Baba mmoja, mama mmoja, na kasha moja. Ungeniuliza mie wa nani siku ile ya kwanza, ungejua. Kaa, Hisham. Una nini? Haluwa haitoki?"

"Umeniuzia uchafu!"

"Kwani n'lisema nzuri? We ndo uliyeniambia mbaya. Leo wameonja wangapi?"

"Arubaini."

"Wamenunua?"

Hisham akatazama sakafu. "Wanne."

"Wanne kati ya arubaini." Bi Shariffa akafumba jicho moja akigawanya. "Sifuri nukta moja. Basi hukunidanganya! Salhiya, huyu kijana amenambia kweli, tena bila kukusudia."

"Lakini hamsini na wanne walisema nzuri!" Hisham alipiga kelele, akasahau kuwa anajitia kitanzini. "Niliwasikia! Bi Mashavu alikuwapo!"

"N'likuwapo," alisema Bi Mashavu. "We uliwauliza nani anasema nzuri, mbele ya mwenye sinia, ndani ya nyumba yake, mtu na adabu zake. Ulitaka wakujibu nini? Ukapata hesabu ya wenye adabu. Mie nilikuwa nahesabu wanaoomba kipande cha pili. Unataka uwiano wake? Sifuri kwa sitini."

Hisham akapapasa mfuko wa kulia, akaukuta mtupu.

"Haluwa ilikuwa kosa letu wenyewe," alisema Bi Shariffa. "Tulitaka kuwauzia mahoteli. Tumepika, imetushinda, tunawaza tuifukie wapi, mara dada ananipigia simu analia kasha la mama limeliwa na mchwa. Kasha la mama! Nimelala juu yake mie na homa ya surua. Nikauliza nani kasema limeliwa. Akanitajia wewe. Basi na sie tukafanya utafiti."

"Utafiti gani?"

"Wa kwako. Tumewauliza watu kumi na wawili waliofanya biashara na wewe. Tukauliza neno moja tu: Hisham akikiponda kitu, hukichukua? Kumi na mmoja wakasema, akikiponda tu, jua anakitaka. Kumi na mmoja kati ya kumi na wawili. Sifuri nukta tisa na ushei. Kwa hiyo siku uliyokuja hapa na miwani mkononi ukaniambia watoto wanalia Uroa, roho yangu ikatulia. Na unadhani dukani Mchangani nilikuwa nazungumza na nani kwa sauti ile? Mwenye duka hasikii vizuri, lakini si kiasi hicho."

Hisham alikaa chini, kwenye mkeka. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamkera.

"Na wa kumi na mbili? Alosema la?"

Wanawake watatu wakatazamana.

"Mama yako," alisema Bi Salhiya kwa upole. "Kasema we mtoto mzuri, mashaallah."

Bi Shariffa akamimina kahawa kikombe kidogo, akamwekea mgeni mbele yake, kwani mgeni ni mgeni hata akiwa Hisham. Kisha Bi Mashavu akasogeza sinia. Juu yake, kando ya mafungu yaleyale mawili ya mbaazi, palikuwa na kipande kimoja cha kijani, kinatikisika bila kuguswa.

"Karibu. We siku zote hujaionja."

Hisham alikitazama. Akawatazama wanawake wale watatu, wakubwa kwake wote, wamekaa juu na kando ya kasha, wanamsubiri kwa heshima zote. Alikuwa mtoto wa mji. Ungeweza kumnyang'anya miwani, kanzu, na kasha la watu, lakini kukataa kahawa na haluwa ukumbini mwa mtu mzima hakufundishwa. Akakitia mdomoni. Kikamshika meno ya juu na ya chini kwa pamoja. Ladha ikaanza kama sabuni, ikaendelea kama ufukwe wa maji kupwa, ikakaa hapo. Akameza, na machozi yaliyomtoka safari hii hayakuwa ya ustadi.

"Vipi?" aliuliza Bi Shariffa.

"Nzuri, bibi," alisema Hisham. "Mashaallah. Mikono yenu isipate moto."

Bi Mashavu akafungua pindo la kanga yake, akatoa mbaazi moja, akaitupia kwenye lile fungu kubwa.

"Hamsini na watano," alisema.